Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara kuhusu Laurel na Hardy na Filamu Zao Fupi

Majibu haya yamekusanywa kwa ajili ya mtazamaji anayetaka kuwafahamu Stan Laurel na Oliver Hardy kupitia filamu zao fupi, yaani zile za dakika 20 hivi zilizotengenezwa kati ya mwaka 1927 na 1935. Kila jibu linajitegemea, na pale ambapo jambo limekwisha kuelezwa kwingine, namba ya swali husika imetajwa.

## Mambo ya msingi

1. Laurel na Hardy walikuwa akina nani?

Stan Laurel, yule mwembamba, alizaliwa tarehe 16 Juni 1890 katika mji wa Ulverston, kaskazini mwa Uingereza, akapewa jina la Arthur Stanley Jefferson. Baba yake alikuwa meneja wa majumba ya maonyesho, kwa hiyo mtoto alikulia nyuma ya pazia na kuanza kuchekesha watu akiwa bado kijana mdogo. Mwaka 1910 alivuka bahari kwenda Marekani na kundi la Fred Karno, ambalo nyota wake alikuwa Charlie Chaplin. Stan ndiye aliyejifunza nafasi za Chaplin ili aweze kuzishika siku ambayo mwenzake angeshindwa kupanda jukwaani.

Oliver Hardy, yule mnene, alizaliwa tarehe 18 Januari 1892 katika mji mdogo wa Harlem, jimbo la Georgia, akaitwa Norvell. Baba yake, aliyeitwa Oliver, alifariki mwaka huohuo, na baadaye kijana akalichukua jina hilo kwa kumbukumbu yake. Alijaliwa sauti nzuri ya kuimba. Alifanya kazi katika jumba la sinema mjini Milledgeville, akahamia Jacksonville, Florida, mwaka 1913, na mwaka uliofuata akaonekana kwenye filamu kwa mara ya kwanza.

2. Waliungana lini na wapi?

Walionekana pamoja kwa mara ya kwanza katika filamu iitwayo *The Lucky Dog* ya mwaka 1921, lakini hapo walikutana kama waigizaji wawili tu walioajiriwa katika kazi moja. Miaka michache baadaye wote wawili walikuwa wameajiriwa na studio ya Hal Roach huko Culver City, California. Katika mwaka 1927 Leo McCarey, aliyekuwa akisimamia filamu za vichekesho studioni hapo, aliona jinsi watazamaji walivyowapokea kila walipokuwa pamoja, akashauri wafanywe jozi ya kudumu. Kabla ya mwaka huo kwisha walikuwa tayari na kofia zao za duara, suti zao za heshima zilizochakaa, na zile tabia ambazo hazikubadilika tena.

3. Je, wao ndio waliokuwa jozi ya kwanza ya vichekesho katika sinema?

Hapana. Roscoe Arbuckle na Buster Keaton walicheza pamoja filamu fupi kati ya mwaka 1917 na 1920, na nchini Denmark Carl Schenstrøm na Harald Madsen, mmoja mrefu na mwingine mfupi, walikwishakuwa jozi maarufu tangu mwaka 1921.

Jambo jipya kwa Laurel na Hardy ni mgawanyo wa akili. Kwa desturi ya jukwaani, jozi ya wachekeshaji ilikuwa na mwerevu na mjinga, na kicheko kilitokana na mwerevu kumsumbua mjinga. Hawa wawili wote ni wajinga, ila ujinga wao ni wa aina mbili: Stan hajui na hana habari kwamba hajui, ilhali Ollie, yaani Oliver Hardy, hajui lakini ana hakika kwamba anajua. Ndiyo maana Ollie husisitiza kutangulia mlangoni, na ndiyo maana ndoo ya maji humwangukia yeye.

4. "Filamu fupi" maana yake ni nini hasa?

Katika enzi hiyo filamu zilipimwa kwa riili. Riili moja ilibeba utepe wa takriban mita 300, ambao huchukua dakika 10 hivi kuonyeshwa. Filamu fupi ya Laurel na Hardy kwa kawaida ni ya riili mbili, nyingine zikifika tatu. Mtu aliyelipa kiingilio cha sinema alipata programu nzima: habari, katuni, kichekesho kifupi, kisha filamu kubwa. Filamu fupi haikuwa na nafasi ya hadithi ya mapenzi wala ya njama ndefu, na kizuizi hicho kiliwafaa sana wawili hawa, kwa sababu wao walihitaji kazi moja tu ya kufanya ili waiharibu.

## Kuanza kutazama

5. Nianze na filamu ipi?

Anza na *Big Business* ya mwaka 1929, ambayo haina sauti, kisha *The Music Box* ya mwaka 1932, ambayo ina sauti. Zote mbili zimeelezwa katika swali la 8 na la 9. Baada ya hapo tafuta *Two Tars* ya mwaka 1928, ambamo wao ni mabaharia wenye gari la kukodi waliokwama kwenye foleni. *Liberty* ya mwaka 1929, ambamo wamekwama juu ya jengo refu linalojengwa huku wamevaliana suruali. Na *Helpmates* ya mwaka 1932, ambamo Stan anaitwa kumsaidia Ollie kusafisha nyumba kabla mke hajarudi safarini.

Nashauri usianze na filamu zao ndefu, hata zile nzuri kama *Sons of the Desert* ya mwaka 1933. Zaidi ya yote, usianze na *Atoll K*, filamu yao ya mwisho iliyopigwa Ufaransa na kutolewa mwaka 1951, wakati Stan alikuwa mgonjwa waziwazi. Anayewaona kwa mara ya kwanza humo atawahurumia badala ya kucheka.

6. Sijui Kiingereza. Nitaweza kufuata?

Utaweza. Filamu zisizo na sauti zina vibao vichache vya maandishi, na hata ukivikosa, nyuso na mikono ya waigizaji inakueleza kila kitu. Filamu zenye sauti pia zina maneno machache kuliko vichekesho vingi vya miaka ya 1930, kwa kuwa sauti ilipoingia wawili hawa hawakukimbilia kuzungumza. Waliitumia sauti kwa kishindo cha kitu kinachoanguka nje ya picha, kwa kilio cha Stan, na kwa ule ukelele mkubwa wa maumivu wa Ollie. Mara nyingi hatuoneshwi ajali yenyewe: tunaisikia tu, huku kamera ikimtazama Stan akiisikia.

7. Mbona mambo yanakwenda polepole hivyo?

Hili ndilo swali muhimu kuliko yote, na anayelipatia jibu lake ameshawaelewa.

Wachekeshaji wengi wa sinema waliowatangulia walijenga kicheko kwa mwendo wa kasi: watu wanakimbizana, magari yanagongana, polisi wanaanguka mmoja juu ya mwingine. McCarey, Laurel na Hardy walipunguza mwendo kwa makusudi. Kwao tukio moja la kuchekesha lina sehemu tatu. Kwanza mtazamaji anaoneshwa kitakachotokea, tuseme msumari uliochomoza au ngazi iliyoegemezwa vibaya. Pili kinatokea. Tatu, na hapa ndipo walipowazidi wengine wote, mtu aliyepatwa anapewa muda wa kutambua kwamba amepatwa. Ollie anakaa chini ndani ya dimbwi. Haondoki. Anapangusa tai yake, anamtazama Stan, anatutazama sisi, anavuta pumzi. Stan anajaribu kufikiri, na jitihada hiyo inaonekana usoni mwake kama kazi nzito.

Kicheko kikubwa hutokea katika kimya hicho. Wakati wa kuhariri, Stan alizingatia majaribio yaliyofanywa mbele ya watazamaji wa kawaida katika majumba ya sinema, ili kila kicheko kiachiwe nafasi ya kuisha kabla jambo jingine halijaanza. Kwa hiyo mtu anayetazama peke yake kwenye simu anaweza kuona mapengo. Mapengo hayo yaliachwa kwa ajili ya ukumbi uliojaa watu, na ndiyo sababu nasisitiza kwamba filamu hizi zitazamwe na wenzako, kwenye skrini kubwa iwezekanavyo, bila kuruka mbele hata sekunde moja.

8. *Big Business* ina jambo gani la pekee?

Stan na Ollie wanauza miti ya Krismasi nyumba kwa nyumba katika jua kali la California. Wanafika kwa bwana mmoja, anayeigizwa na James Finlayson, ambaye anakataa kununua. Anapofunga mlango, tawi la mti linanaswa. Wanabonyeza kengele ili alifungue. Anafungua, anafunga, na safari hii koti ndilo limenaswa. Wanabonyeza tena. Hadi hapo hakuna mtu aliyefanya kosa lolote, na hilo lina uzito: ugomvi wote unaofuata, ambao utaisha kwa gari lililobomolewa vipandevipande na nyumba iliyovunjwa madirisha, umezaliwa na adabu ya watu waliotaka tu kurudishiwa mti wao.

Halafu tazama kanuni ya kulipizana. Mwenye nyumba anapoharibu kitu chao, wao hawamzuii. Wanasimama wakimtazama hadi amalize, wanatafakari, kisha wanaenda kuharibu chake, naye anasimama vilevile akisubiri, kama wachezaji wa bao wanaoheshimu zamu. Hakuna anayejitetea wala kukimbia. Kila pigo ni kubwa kidogo kuliko lililotangulia. Polisi anafika, na badala ya kuingilia anakaa garini akiandika kwenye daftari lake. Filamu iliongozwa na James W. Horne, na mpiga picha wake alikuwa George Stevens, aliyekuja kuwa mwongozaji mashuhuri. Uangalifu wa Stevens unaonekana katika jinsi kila uharibifu unavyoonyeshwa wazi, kwa umbali unaoturuhusu kuwaona wote wanaohusika kwa pamoja.

9. Na *The Music Box*? Si ni watu wawili tu wanapandisha piano?

Ni kweli, na hakuna zaidi ya hapo. Wanatakiwa kupeleka piano iliyo ndani ya sanduku hadi kwenye nyumba iliyo juu ya ngazi ndefu za saruji. Piano inapanda, inateremka, inapanda tena. Wanakutana na yaya mwenye kigari cha mtoto, na polisi, na profesa mwenye hasira za karibu. Wanapofika juu, mpeleka barua anawaeleza kwamba kulikuwa na barabara ya gari inayozunguka hadi mlangoni. Wao, badala ya kushukuru kwamba kazi imekwisha, wanaichukua piano na kuiteremsha hadi chini ili waipandishe kwa njia iliyo sahihi.

Uamuzi huo ndio kilele cha filamu kwa maoni yangu, kwa sababu unatoka moja kwa moja katika tabia zao. Mtu mvivu asingeufanya. Ni watu wenye bidii na heshima kwa kazi, wasiojaliwa hata chembe ya busara. Sanduku nalo linafanywa kuwa mhusika: kila linapoteremka linatoa mlio wa nyuzi, na baada ya mara kadhaa mlio huo peke yake unatosha kutuchekesha kabla hatujaona lolote.

Filamu hii iliongozwa na James Parrott, ina urefu wa karibu dakika 30, na ilipata tuzo ya Oscar ya vichekesho vifupi katika mwaka wa kwanza tuzo hiyo ilipotolewa. Ngazi zenyewe bado zipo Los Angeles, katika mtaa wa Silver Lake, karibu na barabara ya Vendome, na mashabiki huenda kuzipanda.

## Watu na kazi yao

10. Nani alikuwa na akili ya kazi nyuma ya pazia?

Stan. Alibuni vituko, alikaa na waandishi, alishauriana na waongozaji hadi mara nyingi akawa ndiye mwongozaji halisi, na alishiriki katika uhariri. Kwa ajili hiyo alilipwa zaidi ya mwenzake, na Hardy alikubaliana na mpango huo. Siku ya kazi ilipokwisha, Hardy alipenda kwenda kucheza gofu.

Pamoja na hayo, ni kosa kudhani kwamba Hardy alikuwa chombo tu. Kama mwigizaji, mimi namweka juu. Mtu mzito kama yeye alitembea na kucheza ngoma kwa wepesi wa ajabu, na vidole vyake vinafanya kila kitu kwa madaha: kubonyeza kengele, kusaini karatasi, kuvua kofia. Ule ungwana wa mtu wa Kusini mwa Marekani, unaoendelea hata pale suruali imechanika, ni mali yake mwenyewe.

11. Kwa nini Ollie hututazama sisi?

Kwa sababu hana mwingine wa kumlalamikia. Waigizaji wengi walikatazwa kutazama kamera, lakini Hardy aligeuza tazamo hilo kuwa ombi la ushahidi: mnaona ninavyoteseka na mtu huyu? Tazamo hilo hutufanya wenzake, na ndilo linalotuzuia tusimcheke kwa ukatili. Stan naye ana alama zake, yaani kukuna nywele zilizosimama na kile kilio cha kitoto, ambacho Stan mwenyewe hakukipenda lakini watazamaji walikidai.

12. Yule bwana mwenye upara na masharubu anayekunja jicho ni nani?

Ni James Finlayson, mzaliwa wa Scotland. Wengine utakaowaona mara kwa mara ni Charlie Hall, mtu mfupi mwenye kisirani. Edgar Kennedy, ambaye hasira yake hupanda polepole huku akijipangusa uso kwa kiganja. Mae Busch, aghalabu mke mkali. Na Billy Gilbert, ambaye ndiye profesa wa *The Music Box*.

13. Ule wimbo wa mwanzo umetoka wapi?

Ulitungwa na Marvin Hatley, mwanamuziki wa studio ya Roach, na unaiga mlio wa ndege kekeo. Muziki mchangamfu unaosikika chini ya matukio katika filamu nyingi za miaka ya 1930 ni wa Leroy Shield.

14. Je, walikuwa marafiki kweli?

Walielewana tangu mwanzo, lakini nje ya studio kila mmoja alikuwa na maisha yake. Ukaribu wao ulikua baadaye, walipozunguka Uingereza na kwingineko Ulaya na maonyesho ya jukwaani katika miaka ya 1947 hadi 1954. Mwezi Septemba 1953 meli yao ilipofika Cobh, nchini Ireland, umati uliwapokea bandarini na kengele za kanisa kuu zikapiga wimbo wao.

Hardy alipatwa na kiharusi mwaka 1956 na kufariki tarehe 7 Agosti 1957. Stan, ambaye afya yake haikumruhusu kuhudhuria mazishi, alikataa kuigiza tena bila mwenzake. Alipokea Oscar ya heshima mwaka 1961, akaishi katika nyumba ya kupanga huko Santa Monica akijibu barua za mashabiki, na namba yake ilikuwa katika kitabu cha namba za simu kwa yeyote aliyetaka kupiga. Alifariki tarehe 23 Februari 1965.

## Maswali ya ndani zaidi

15. Nitazame nakala za rangi?

Hapana. Filamu zao fupi zilipigwa kwa nyeusi na nyeupe, na rangi ziliongezwa kwa kompyuta miaka mingi baadaye. Rangi hizo hufifisha nyuso, na nyuso ndizo kazi yenyewe, kama ilivyoelezwa katika swali la 7. Tafuta nakala zilizorekebishwa kutoka kwenye tepe za asili.

16. Mbona katika nakala niliyopata watu wanakwenda mbiombio?

Filamu zisizo na sauti zilipigwa kwa mwendo usiolingana sikuzote na ule wa picha 24 kwa sekunde uliowekwa kuwa kawaida wakati wa sauti. Nakala iliyopigwa kwa mwendo mdogo ikionyeshwa kwa mwendo mkubwa, watu huharakishwa. Kwa wachekeshaji wanaotegemea kusubiri, hasara ni kubwa, kwa hiyo tafuta nakala nyingine.

17. Je, kuna filamu zilizopotea?

Zipo. *Hats Off* ya mwaka 1927, ambamo walipandisha mashine ya kufulia katika ngazi zilezile za *The Music Box*, haijapatikana hadi leo. *The Battle of the Century* ya mwaka huohuo, yenye vita kubwa ya kurushiana pai, ilijulikana kwa miongo mingi kupitia vipande vilivyotumiwa katika mkusanyo wa mwaka 1957. Riili yake ya pili, yenye vita hiyo, ilipatikana mwaka 2015 ndani ya mkusanyo wa filamu wa mtu aliyetengeneza kazi hiyo ya 1957. Ukiitazama sasa utaona kwamba pai hazirushwi ovyo: vita inaanza na pai moja, kisha inasambaa mtu kwa mtu kwa kanuni ileile ya swali la 8.

18. Nimewasikia wakizungumza Kihispania. Ni sauti za watu wengine?

Katika nakala za mwaka 1930 na 1931 ni sauti zao wenyewe. Kabla ya kuenea kwa utaratibu wa kuingiza sauti za wengine, studio ilipiga baadhi ya filamu upya kwa Kihispania, Kifaransa, Kijerumani au Kiitaliano. Hawakuzijua lugha hizo: matamshi yaliandikwa ubaoni nje ya picha, nao wakayasoma. *Ladrones*, kwa mfano, ni toleo la Kihispania la *Night Owls*, na nakala za namna hii mara nyingi ni ndefu zaidi, zikiwa na matukio yasiyomo katika toleo la Kiingereza.

19. Hakimiliki zikoje?

Nchini Marekani kazi zilizotolewa mwaka 1927 ziliingia katika mali ya umma mwanzoni mwa 2023, za 1928 mwaka 2024, na za 1929 mwaka 2025. Hivyo filamu zao zote zisizo na sauti zilizotolewa hadi mwaka 1929 zimo humo. Sheria za nchi nyingine hutofautiana, na muziki ulioongezwa juu ya nakala mpya unaweza kuwa na mwenyewe. Anayetaka kuzionyesha hadharani na achunguze sheria ya mahali alipo.

20. Kuna jambo litakalomkera mtazamaji wa Kiafrika, au lisilofaa watoto?

Lipo. Katika *Pardon Us*, filamu yao ndefu ya mwaka 1931, wanajipaka weusi usoni ili kujificha miongoni mwa Waafrika-Wamarekani wanaochuma pamba. Ilikuwa desturi ya maonyesho ya Marekani ya wakati huo, nayo ilikuwa dhihaka. Sioni sababu ya kuificha wala kuitetea, na mzazi anayeionyesha filamu hiyo aizungumzie na watoto. Filamu nilizozipendekeza katika swali la 5 hazina tukio hilo. Kuhusu vipigo, watoto huelewa upesi kwamba hakuna anayeumia, ingawa wadogo sana wanaweza kumwonea huruma Stan anapolia.

21. Kwa nini waliacha kutengeneza filamu fupi?

Kwa sababu za kibiashara. Katikati ya miaka ya 1930 majumba mengi ya sinema yalianza kuonyesha filamu ndefu mbili kwa kiingilio kimoja, na nafasi ya kichekesho cha riili mbili ikapungua. *Thicker than Water* ya mwaka 1935 ilifunga mfululizo wao, na kuanzia hapo wakashughulikia filamu ndefu, baadhi nzuri sana, kama *Way Out West* ya mwaka 1937. Waliondoka kwa Roach mwaka 1940, na katika studio kubwa walizohamia Stan hakuruhusiwa tena kusimamia vituko wala uhariri. Tofauti inaonekana mara moja: katika filamu za miaka ya 1940 wanaambiwa waharakishe.

22. Ninaweza kukutana wapi na wapenzi wengine wa filamu hizi?

Chama cha mashabiki kiitwacho Sons of the Desert kilianzishwa Marekani mwaka 1965 na kina matawi katika nchi mbalimbali. Kila tawi huitwa hema, na huchukua jina la mojawapo ya filamu zao. Kuna makumbusho ya Laurel na Hardy katika miji yote miwili walikozaliwa, Ulverston na Harlem, na mji wa Harlem hufanya tamasha kila mwaka mwezi Oktoba.